Mtoto anapimwa uzito kila mara, usingizi wake haulizwi: huduma za afya ya akili kwa watoto zianzie wapi?

#1 MamaK

Wadau, salaam.

Mwanangu wa pili yuko darasa la nne. Tangu azaliwe ana kadi yake: uzito, urefu, chanjo, matone ya vitamini A, dawa za minyoo. Kila kitu kina kisanduku na tarehe. Mwaka jana usingizi ukamkimbia. Anaamka usiku, anashika kitasa cha mlango kuhakikisha umefungwa, anarudi kitandani, anaamka tena. Asubuhi za shule tumbo linamuuma hadi anajikunja. Jumamosi haliumi.

Tukaenda hospitali. Wakapima choo, mkojo, damu, wakapiga picha ya tumbo. Majibu yote safi. Nikaambiwa, "Mama, mtoto hana kitu," faili likafungwa, akaitwa anayefuata. Mtoto ana kitu. Pale hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kukipokea.

Hoja yangu: huduma za afya ya mtoto zimejengwa kwa ajili ya mwili peke yake, akili imeachiwa mzazi na bahati. WHO wamekuwa wakisema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, yaani mtoto akiwa bado mikononi mwa kliniki na shule. Kama wakati ndiyo huo, marekebisho yaanzie wapi? Kliniki, shuleni au nyumbani? Nataka kusikia kwa waliopitia na wanaofanya kazi hizo. La "atakua, ataacha" nimeshalisikia.

#2 Mdau_Kimya

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#3 NesiWaZamu

MamaK, pole sana. Nafanya kazi kliniki ya watoto, niseme upande wetu.

Dalili tunaziona. Mtoto akipanda kwenye mizani nishajua mengi kabla mshale haujatulia. Yupo anayemtazama mama kwanza ndipo apande. Yupo anayepanda bila kumtazama mtu yeyote. Yupo ambaye ukimgusa bega anaruka. Hayo hayana pa kuandikwa, na nyuma yake kuna foleni inayofika nje.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nikiuliza halafu mtoto akanijibu, nampeleka wapi? Nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hazifikishi hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili ya watoto kwa kila watu milioni moja. Kuuliza swali ambalo huna pa kulipeleka jibu lake ni kumfungua mtoto kidonda na kumrudisha nyumbani nacho. Kwa hiyo wengi wetu tunaacha kuuliza. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo ilivyo.

Kwangu mimi ianzie kwenye rufaa. Pawepo pa kupeleka, maswali yatakuja yenyewe.

#4 MwlWaNne

Nesi, heshima yako, lakini kliniki mnamwona mtoto dakika chache, na akishamaliza chanjo hamumwoni tena mpaka augue. Mimi ninaye asubuhi hadi mchana, siku tano kwa wiki. Najua nani ameacha kucheza. Najua nani anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila ikifika zamu ya kusoma kwa sauti. Mwandiko wa mtoto ukibadilika katikati ya muhula najua kuna jambo nyumbani.

Waalimu wafundishwe kutambua dalili, shule iwe na mshauri nasaha wa kweli. Kwetu mshauri nasaha ni mwalimu wa hisabati na ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anatoa adhabu, mchana anataka mtoto amfungulie moyo. Haiwezekani.

#5 Takwimu_Tamu

Mjadala mzuri. Naweka sawa mambo mawili.

Kwanza, MamaK, ile "nusu kabla ya miaka 14" ilitokana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005. Baadaye ukaja uchambuzi uliojumlisha tafiti 192 za nchi mbalimbali, ukakuta kwamba waliokuwa wameanza kuugua kabla ya miaka 14 ni zaidi kidogo ya theluthi, na kabla ya miaka 18 ni karibu nusu. Hoja yako inabaki palepale, bado ni utotoni na ujanani, ila tarakimu isogezwe.

Pili, Mwl, hilo la kuwafundisha walimu kutambua dalili limepimwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015, shule 168 katika nchi 10 za Ulaya, wanafunzi 11,110. Walilinganisha njia tatu: kuwafundisha walimu kutambua wanafunzi walio hatarini, wataalamu kuwapima wanafunzi kwa dodoso, na wanafunzi wenyewe kuzungumza na kuigiza hali ngumu wakiongozwa na mtu kutoka nje ya shule. Iliyoleta tofauti ya wazi ni hiyo ya tatu. Baada ya mwaka mmoja majaribio mapya ya kujiua yalikuwa karibu nusu ya yale ya shule ambazo hazikupewa chochote zaidi ya mabango. Mafunzo ya walimu hayakuonyesha tofauti ya maana.

#6 MwlWaNne

Takwimu, hiyo njia ya tatu ilifanyika wapi? Darasani. Basi hoja yangu bado ina miguu. Tunachobishania ni nani asimame mbele, na hapo nakubali asiwe mwalimu wa nidhamu. Halafu hao walikuwa vijana wa miaka 15 hivi. Wa kwangu wana miaka tisa, kumi. Umri huo mtoto hasemi "nina huzuni", anasema "tumbo linauma", na aliye karibu naye ni mwalimu.

#7 BabaWaMapacha

Nina kisa kinachohusu hili, naomba mnivumilie.

Mmoja wa mapacha wangu aliitwa mzembe kwa muda mrefu. Ripoti za shule zote: "hayupo darasani kimawazo", "aache kuota mchana". Nyumbani unamtuma kitu, anasimama katikati ya sebule, macho yanapepesa kidogo, halafu anaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Ukimuuliza ulikuwa unawaza nini, anashangaa swali. Tulimkaripia sana. Shule ikatushauri tumpeleke kwa mwanasaikolojia, wakihisi ana ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini.

Kabla ya miadi hiyo, daktari mmoja wa zamu alimpa kipande cha karatasi, akamwambia akipulize kwa nguvu bila kuacha, yeye anatazama saa. Dakika ya pili haijaisha mtoto akasimama kupuliza. Karatasi mkononi, macho mbele, hayupo. Sekunde chache, akarudi, akaendelea kupuliza. Kifafa cha kuduwaa. Kipimo cha umeme wa ubongo kikathibitisha. Akapewa dawa, na ripoti ya muhula uliofuata ilikuwa ya mtoto mwingine kabisa.

Kwa hiyo jamani, kabla ya kuingia kwenye akili, mwili uangaliwe sawasawa. Wangu angekaa kwenye ushauri nasaha mwaka mzima na kifafa chake.

#8 DktWaWatoto

BabaWaMapacha, hicho kipimo cha kupuliza kwa dakika tatu hakigharimu kitu na kinasahaulika mno. Nakiunga mkono kwa mikono miwili, ila tahadhari: kifanyike mbele ya mtu wa afya, si nyumbani, na kuna watoto hakiwafai, kwa mfano wenye selimundu.

Niongeze mengine yanayojificha nyuma ya "tabia". Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto hasikii vizuri, anaonekana mkaidi. Nyama za puani zilizovimba, anakoroma, usingizi unakatika, mchana ni mkorofi au anasinzia. Upungufu wa madini ya chuma. Tezi ya shingo. Macho. Dawa anazotumia kwa ugonjwa mwingine. Haya yaangaliwe kwanza, ndiyo.

Ila tusiyageuze kuwa milango miwili inayoshindana. Kati ya mwaka 1964 na 1965 Michael Rutter na wenzake walichunguza watoto wa kisiwa cha Wight, Uingereza. Kwa watoto wote kwa jumla, wenye tatizo la akili au tabia walikuwa karibu 7 kwa kila 100. Kwa wenye kifafa au maradhi mengine ya ubongo walikuwa karibu theluthi. Yaani mtoto mwenye ugonjwa wa mwili ndiye anayehitaji zaidi kuulizwa habari za moyo wake. Kliniki ya kifafa isiyouliza hivyo imefanya nusu ya kazi.

Na MamaK, lile neno "hana kitu" linaniudhi hata mimi niliye ndani ya fani. Tumbo la hofu linauma kweli. Mtoto haigizi. Utumbo na ubongo vinawasiliana kwa mishipa ya fahamu, hofu inabadilisha mwendo wa utumbo na jinsi maumivu yanavyosikika. Jibu sahihi lilikuwa, "Vipimo havionyeshi ugonjwa wa tumbo, maumivu ni ya kweli, sasa tuangalie kinachoyaamsha."

#9 Shangazi_Mkubwa

Habari zenu watoto wangu. Nimesoma yote. Mnajua sana, lakini mimi naona mnawapa watoto majina ya magonjwa kwa mambo ya malezi. Zamani mtoto alikuwa na wenzake, na shangazi, na bibi, anacheza mpaka jua linazama, akilala amelala. Leo amefungiwa ndani na simu mkononi, hachezi, haongei na mtu, halafu mnashangaa halali. Mpeni muda wa kucheza na watu wa kumsikiliza kabla ya kumpa faili.

#10 Mdau_Kimya

Shangazi amefika, sasa uzi umenoga. Takwimu jiandae.

#11 Takwimu_Tamu

Naanza kumheshimu Shangazi kabla hajanichapa. Mchezo na usingizi nakubaliana naye moja kwa moja. Kwenye simu, uhusiano na huzuni unaonekana kwenye tafiti nyingi, lakini ukubwa wake wataalamu bado wanavutana, na si rahisi kujua kama simu inaleta huzuni au mwenye huzuni ndiye anayekimbilia simu. Tusiuweke mzigo wote hapo.

#12 KaraniWaFaili

Mimi si daktari wala nesi, nakaa kwenye masjala ya kumbukumbu. Nimesoma #3 ikabidi niingie.

Tatizo mnalolitafuta mimi naliona kwenye rejista. Kuna safu ya "amepewa rufaa kwenda" na kuna safu ya "matokeo ya rufaa". Ya kwanza imejaa. Ya pili ni nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa. Barua anapewa mzazi mkononi. Kama alifika, hatujui. Kama alifika akakuta mtaalamu yupo siku moja tu kwa wiki na siku hiyo ilikuwa jana, hatujui. Mtoto akirudi kwetu baada ya miezi anaanza upya na mtu mwingine, mama anasimulia hadithi ile ile tangu mwanzo, mtoto amekaa pembeni anasikiliza akisimuliwa.

Pendekezo langu ni dogo. Barua ya rufaa iwe na kipande cha chini kinachokatwa na kurudishwa ilikotoka, au siku hizi ujumbe wa simu. Na awepo mtu mmoja, jina lake liandikwe juu ya faili, ambaye akikuta ile safu nyeupe anapiga simu kwa mzazi. Wataalamu wachache tulio nao tunawapoteza katikati ya njia.

#13 NesiWaZamu

Karani, umesema ninachokiishi. Hilo la mtoto kukaa pembeni anasikiliza anavyosimuliwa, watu wanalipita haraka. Kuna watoto wanajifunza habari zao mbaya pale.

#14 HistoriaHai

Kwa Shangazi, kwa heshima: zamani nayo ilikuwa na yake.

Katika hospitali nyingi za Ulaya, hadi katikati ya karne iliyopita, mtoto akilazwa wazazi waliruhusiwa kumwona kwa saa chache tu kwa wiki, kwingine hawakuruhusiwa kabisa. Wauguzi waliamini wazazi wanamvuruga mtoto: wakija analia, wakiondoka analia zaidi, wasipokuja ananyamaza. Kunyamaza kukaitwa kutulia. Mwaka 1952 James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alimrekodi kwa kamera mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake, siku baada ya siku. Madaktari wengi waliotazama walikasirika, wakasema amechagua mtoto mmoja mgumu. Lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe muda wote na mama aweze kulala na mtoto wake. Ikachukua miaka zaidi kutekelezwa, na wazazi walilazimika kuunda chama cha kusukuma.

Nalileta kwa sababu ni badiliko kubwa la afya ya akili ya watoto ambalo halikuhitaji dawa mpya wala mtaalamu mpya. Lilihitaji kubadilisha saa za kutembelea wagonjwa. Kwa hiyo kwangu mimi si kliniki, si shule, si nyumbani. Ni taratibu. Kaeni mtazame ni taratibu gani za leo zinazomuumiza mtoto bila mtu kuziona.

#15 Shangazi_Mkubwa

HistoriaHai, umenigusa. Mimi mwenyewe nililazwa nikiwa mdogo, mama yangu akaishia getini. Nakumbuka kitambaa alichovaa kuliko uso wake siku ile. Hilo sikubishii.

Lakini basi mbona nyote mnamzungumzia mtoto kama amedondoka kutoka mbinguni? Mama mwenyewe yuko hali gani? Nimelea watoto wa ndugu zangu wengi, nikikuta kichanga hakiangalii watu huwa namtazama kwanza aliyekibeba.

#16 Mkunga_Mstaafu

Shangazi amegonga penyewe. Sonona ya mama baada ya kujifungua ndiyo mlango ninaoujua. Mama analetewa mtoto, anamnyonyesha, anambadilisha nguo, kila kitu anafanya, lakini hamsemeshi. Ukiangalia haraka utaandika "mama na mtoto wazima".

Vijijini Pakistani walijaribu jambo zuri. Wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida waliosoma sekondari, walifundishwa kuzungumza na kina mama wenye sonona kwa mpangilio maalumu wakati wa matembezi yao ya kawaida ya nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto akiwa na miezi sita, kina mama waliokuwa bado na sonona walikuwa 23 kwa 100, wakati kwenye kundi la kulinganishwa walikuwa 53. Watoto wakanenepa na kurefuka. Anzeni hapo, mtapunguza mengi ya huko mbele.

#17 Takwimu_Tamu

Mama Mkunga, takwimu za sonona ziko sahihi. La kunenepa na kurefuka hapana: uzito na urefu wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichotofautiana ni kwamba watoto wa kundi lililosaidiwa waliharisha kidogo zaidi... naandika haraka: waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi. Kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa.

#18 BabaWaMapacha

"Wazazi wote wawili." Asante kwa kulisema. Kliniki nyingi nilizoingia na mapacha, hakuna kiti cha baba. Nesi anauliza "mama yuko wapi?" mimi nimesimama mbele yake na watoto wawili na kadi mbili. Mwanamume akishaulizwa hivyo mara kadhaa haji tena.

#19 NesiWaZamu

Baba, hilo nitalipeleka kikao cha asubuhi. Kweli tunauliza hivyo.

#20 KijanaWa19

Mnawazungumzia watoto, sijaona aliyekuwa mtoto juzi akiongea. Niruhusuni.

Nilikuwa na sonona tangu kidato cha pili. Mambo mawili.

La kwanza, siri. Kila nilipopelekwa niliulizwa mbele ya mzazi. "Unajisikiaje? Kuna mtu anakuonea? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Mama amekaa pembeni, mkoba mapajani, ananitazama. Ningejibu nini? Nikasema niko sawa, wakaandika niko sawa. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Dakika tano bila mzazi chumbani zingebadilisha kila kitu kwangu.

La pili, nilipofika miaka 18 nilikuwa nimeshamzoea mshauri mmoja. Nikaambiwa sasa wewe ni mtu mzima, nenda upande wa watu wazima. Upande wa watu wazima wakaniambia hali yangu si mbaya vya kutosha. Nikabaki katikati, na huo ndio umri nilioumwa zaidi. Australia wana vituo vya headspace tangu mwaka 2006, vinapokea kuanzia miaka 12 hadi 25. Unaingia kwa shida yoyote, ya mwili, ya akili, ya masomo au kazi, ya pombe na dawa za kulevya. Hakuna anayekuona umeingia mlango wa "wagonjwa wa akili". Mimi ningeanzia hapo.

#21 MamaK

KijanaWa19, nimekusoma mara mbili mwanangu. Uko salama sasa? Kuna mtu unayezungumza naye?

#22 KijanaWa19

Nipo vizuri mama, nina mtu. Asante kwa kuuliza.

#23 DktWaWatoto

Kuhusu #20: kumwona kijana peke yake kwa sehemu ya muda ni utaratibu unaokubalika kitabibu, si kumvunjia mzazi heshima. Unamwambia kijana mbele ya mzazi: utakayoniambia yanabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Mipaka ya siri isemwe kabla ya maswali, si baada ya majibu. Na kumuuliza kijana kama amefikiria kujidhuru hakumwingizii wazo kichwani. Hofu hiyo imewanyamazisha madaktari wengi bila sababu.

#24 Bajeti_Ndiyo

Nimevumilia hadi #23. Ndugu zangu, rufaa, mshauri, kipande cha barua, vituo vya vijana, vyote ni fedha. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2021 kuhusu hali ya watoto duniani ilisema wastani wa bajeti ya afya ya serikali unaokwenda kwenye afya ya akili ni karibu asilimia 2. Katika hiyo mbili, sehemu kubwa inamezwa na hospitali kubwa za magonjwa ya akili za watu wazima. Mtoto anabakiziwa nini? Mkibadilisha saa za kutembelea wagonjwa mtapata sifa, lakini bila fungu lenye jina la watoto kwenye bajeti, kila mradi utakufa siku mfadhili anapoondoka.

#25 HistoriaHai

Fedha ni kweli, lakini zinakwenda wapi? Zimbabwe walianza na wanawake wazee wa jamii, wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa kumsaidia mtu kupanga tatizo lake na kulitatua. Hilo halikusubiri asilimia kupanda.

#26 Takwimu_Tamu

Benchi la Zimbabwe ni kazi nzuri ya Dixon Chibanda na wenzake, jaribio lake lilichapishwa mwaka 2016. Ila washiriki wa jaribio lile walikuwa watu wazima, tusilihamishie kwa watoto wa miaka tisa moja kwa moja. Kwa vijana wa shule lililo karibu zaidi ni la New Delhi, India, washauri wasio wataalamu wakiwafundisha wanafunzi kutatua matatizo kwa hatua, lilichapishwa mwaka 2020. Matatizo ambayo wanafunzi wenyewe waliyataja yalipungua. Dalili zilizopimwa kwa dodoso hazikutofautiana sana na za waliopewa vijitabu tu.

#27 MwlWaNne

Sasa Takwimu, mtoto akisema tatizo lake limepungua na dodoso likasema halijapungua, unamwamini nani?

#28 Takwimu_Tamu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Mimi namwuliza na mama yake, na mwalimu wake. Dodoso moja linalotumika sana, la Robert Goodman la mwaka 1997, lina maswali 25 na nakala tofauti: ya mzazi, ya mwalimu, na ya kijana mwenyewe akishafika miaka 11. Majibu ya watatu hawa mara nyingi hayafanani. Mtoto anaweza kuwa moto shuleni na maji nyumbani.

#29 Bajeti_Ndiyo

Na maswali 25 mara watoto wote wa darasa, nani anayasoma majibu? Mshahara wake unatoka wapi? Mnanizunguka tu.

#30 NesiWaZamu

Nami narudi palepale. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilipendekeza watoto wa miaka 8 hadi 18 wapimwe hofu iliyopitiliza hata kama hawajalalamika. Mwana wa MamaK angeingia hapo. Lakini upimaji huo umejengwa juu ya kuwa kuna mtu wa kuendelea naye. Palipo na mtu, pimeni kesho. Pasipo na mtu, kwanza tufundisheni sisi tuliopo. WHO wana mwongozo kwa ajili ya wasio wataalamu tangu mwaka 2010, una sura ya watoto na vijana. Vituo vingine unakaa kabatini na plastiki yake.

#31 MamaK

Nashukuru nyote. Kwa anayeuliza kuhusu mwanangu: tulipata mshauri kupitia mzazi mwenzangu, si kupitia hospitali. Alianza kwa kumwomba achore nyumba yetu usiku. Mtoto akachora mlango mkubwa kuliko nyumba. Wakaanzia hapo. Mlango anakagua mara moja sasa, pamoja na baba yake, halafu kila mtu kitandani. Tumbo bado linarudi siku za mtihani.

Na bado najiuliza, mzazi asiye na mwenzake wa kumwelekeza anafanyaje?

#32 KaraniWaFaili

Anaingia kwenye safu nyeupe.

#33 Mgeni_Jipya

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Wangu ana miaka mitatu, haongei bado, ila anaelewa na anacheka. Jirani anasema wavulana huchelewa. Mwingine anasema ni usonji. Nisubiri au niende? Na nianzie kwa nani, maana humu mmenichanganya.

#34 DktWaWatoto

Usisubiri. Anza na kipimo cha kusikia, hata kama unaona anasikia, maana kuna watoto wanasikia mlango ukigongwa lakini hawasikii herufi nyembamba kama "s" na "f". Waambie wazi unataka ukuaji wake wote uangaliwe, si masikio tu: anaonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukitazame? Anageuka ukimwita? Anaigiza katika michezo? Alikuwa na maneno yakapotea? Andika majibu kabla ya kwenda, chukua na video fupi ya nyumbani, maana kwenye chumba cha daktari watoto wengi hunyamaza.

Na wakati unasubiri majibu mazungumzo yasisimame. Msemeshe, msomee, taja kile anachokitazama yeye.

#35 Shangazi_Mkubwa

Na ukienda, nenda na mtu mwingine wa kukushikia mtoto ili wewe usikilize. Ukipewa barua ya rufaa usiondoke dirishani bila kuuliza mtaalamu yupo siku gani.

#36 Mgeni_Jipya

Nimeandika. Jumatatu naenda.